Protini za mshtuko wa joto: mlinzi ndani ya seli, king'ora nje

Jamani tuanze, walioko nyuma mnanisikia? Haya. Leo tunaongelea kitu ambacho kliniki ya kisukari si rahisi ukisikie, maana kule muda unaisha kwenye sukari imesoma ngapi, dawa umemeza, umekula nini, basi foleni inaita mwingine. Mi nataka tuingie ndani ya seli yenyewe.

Kuna protini zinaitwa protini za mshtuko wa joto, kwa kifupi cha Kiingereza HSP. Zilianza kujulikana kwa Muitaliano mmoja, Ferruccio Ritossa, alikuwa anachunguza kromosomu za vile vinzi vya matunda, vile vinavyozunguka ndizi zilizoiva sana, sasa mtu mwingine pale maabara akapandisha joto la inkubeta, lile kabati la kutunzia vinzi, Ritossa kuja kuchungulia kwenye maikroskopu anakuta kromosomu zimevimba sehemu ambazo hakuzizoea. Kuvimba pale maana yake jeni zimewashwa. Akachapisha 1962, wengi hawakuona umuhimu wake, mpaka 1974 ndo zikaonekana protini zenyewe zinazotengenezwa na zile jeni.

Kazi yake ni nini? Angalia ute wa yai kwenye maji ya moto, unageuka mweupe mgumu na haurudi tena, pale protini zimejikunjua zikashikana hovyo. Seli zetu zinapambana na hatari ya namna hiyo kila siku, na sio kwa joto tu, hata sukari ikizidi, mafuta yakizidi, oksijeni ikipungua. Moja ya hizo HSP, inaitwa HSP70, inaidaka protini iliyoharibika, inaisaidia kujikunja upya, ikishindikana inapelekwa kuvunjwavunjwa. Hiyo 70 ni uzito wake, kilodaltoni 70 hivi, kipimo cha uzito wa molekuli.

Sasa kisukari kinaingiaje hapa? Kwanza msuli. Insulini ikifika kwenye msuli inatoa taarifa, na taarifa inapitishwa ndani ya seli na protini moja inaitwa IRS-1 ili glukosi iingie. Mtu akiwa na unene mkubwa, hasa mafuta ya tumboni, mwili unakaa na inflamesheni ya chini chini, sio uvimbe wa kuuona kwa macho wala homa, ni moto mdogo usiozimika, na huo moto unakiamsha kimeng'enya kinaitwa JNK, ambacho kinaigonga IRS-1 sehemu isiyotakiwa na taarifa inakatika. Insulini ipo ila haisikiki, ndo unaitwa usugu wa insulini. HSP72, ambayo ni ya ukoo huohuo wa HSP70, inakizuia JNK. Mnaona uzito wake?

Afu sasa sikia, 2002 watafiti walipima vipande vidogo vya misuli ya watu wenye kisukari cha aina ya pili wakakuta jeni ya HSP72 inafanya kazi kidogo kuliko kwa watu wasio na kisukari, yani mlinzi anapungua wakati ndo anahitajika zaidi. 2008 timu ya Australia ikaonyesha panya walioongezewa HSP72 kwenye misuli wanalishwa mafuta mengi na bado hawapati ule usugu wa insulini kama wenzao. Na kuna mzunguko mbaya hapo, insulini ikishindwa kufanya kazi, kimeng'enya kingine, GSK-3, kinabaki huru kinaikandamiza HSF1, ambayo ndo swichi ya kuwasha HSP, kwaiyo usugu unapunguza ulinzi na kupungua kwa ulinzi kunaongeza usugu.

Kongosho nako kuna shida yake. Seli moja ya beta, hizi ndo zinatengeneza insulini, ikisukumwa inaweza kutengeneza mpaka molekuli milioni moja za proinsulini, yani insulini kabla haijakamilika, kwa dakika, na zote lazima zikunjwe sawasawa, msuli ukiwa sugu seli inalazimishwa kuongeza, ikizidiwa inajiua yenyewe. Hilo linaniuma sana kwa kweli, maana seli hizo tukizipoteza kuzirudisha ni kazi ngumu mno.

Kuna jambo linachanganya watu. HSP70 ikiwa ndani ya seli inatuliza inflamesheni, ila ikitoka nje ikaingia kwenye damu inaweza kuiwasha, seli za kinga zinaidaka kwa vipokezi vyake kama kile kinachoitwa TLR4 na kuanza kumwaga sitokaini, zile kemikali zinazochochea inflamesheni. Mpishi wa shughuli mkimwona anatoka mbio jikoni na mwiko mkononi, hamuulizi, mnajua kuna moto. Kwaiyo mtu akikwambia ana kidonge cha "kuongeza HSP", muulize aongeze wapi.

Nimeona mkono wa mama pale, anauliza kama kukaa kwenye maji ya moto kunasaidia kisukari. Mwaka 1999 daktari Mmarekani, Philip Hooper, aliwakalisha wagonjwa 8 kwenye beseni la maji ya moto nusu saa kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 3, na sukari yao ya asubuhi ilishuka kwa wastani kutoka 182 mpaka 159 mg/dl. Inatia moyo, lakini ni watu 8 na hakukuwa na kundi la kulinganisha, mi siwezi kuwaambia hiyo ni tiba. Mazoezi yana ushahidi mkubwa zaidi, na msuli ukifanya kazi HSP70 inapanda. Na mama, ukiwa unachoma insulini, joto linaifanya iingie haraka kwenye damu sukari ikashuka ghafla, na kama miguu imekufa ganzi usiyapime maji kwa mguu, unaungua bila kujua, tumia kiwiko au mwambie mtu mwingine akupimie.