Yale Ambayo Msimbo Hausemi

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie mikutano ya waundaji wa programu, na naomba nianze na swali ambalo waandaaji huwa hawalipendi. Ikiwa msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko kwenye intaneti, maelekezo yake yako huko huko, na mihadhara yenyewe hurekodiwa, mtu afunge safari kwa ajili ya nini? Naona ni kwa sababu msimbo hutuonyesha uamuzi uliofikiwa, lakini hautuelezi ni njia zipi zilijaribiwa zikaachwa, wala kilichofanya ziachwe. Hayo yamo vichwani mwa watu, na mtoa mada asipoyasema, amesoma tu kwa sauti yale ambayo tungejisomea wenyewe.

Tumtazame Ryan Dahl. Mwaka 2009, kwenye JSConf EU, mkutano wa wanaotumia lugha ya programu ya JavaScript, mjini Berlin, aliwaonyesha wenzake Node.js, mfumo wake wa kuendesha programu za JavaScript nje ya kivinjari, akashangiliwa ukumbi mzima. Mwaka 2018 alirudi kwenye mkutano uleule akataja mambo anayoyajutia katika kazi ileile, yakiwemo kuiachia programu iguse faili na mtandao bila kuomba ruhusa, na ile folda ya node_modules, inayohifadhi misimbo ya watu wengine ambayo mradi unaitegemea, inayovimba kila mradi unapokua. Kisha akatambulisha Deno, mfumo mwingine wa aina hiyo, jaribio lake la kuyarekebisha. Kwangu mimi mhadhara wa pili una mafunzo mengi zaidi, kwani anayeunda mfumo wake leo anapata kujua ni wapi pa kusita.

Nawe ukiwaomba waandaaji nafasi ya kuzungumza na mada yako ikakataliwa, usiichukulie kuwa hukumu. Mwaka 1991 kamati ya mkutano wa Hypertext, wa watafiti wa maandishi yaliyounganishwa kwa viungo, uliofanyika San Antonio, Marekani, iliikataa makala ya Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, kuhusu uvumbuzi wake huo, naye akaenda hivyo hivyo kuuonyesha kwa vitendo.

Kuhusu kuonyesha kwa vitendo, nina tahadhari. Mhandisi Mmarekani Douglas Engelbart alifanya hivyo San Francisco mwaka 1968 kwa dakika 90, akitumia kipanya huku kompyuta yenyewe ikiwa mbali, Menlo Park, na mambo yakaenda. Lakini nyuma yake kulikuwa na timu nzima ya mafundi. Wewe utakuwa peke yako, ukitegemea mtandao ambao ukumbi mzima unaugombania. Rekodi onyesho lako mapema, uwe nayo kwenye kompyuta yako. Msimbo utakaouweka kwenye slaidi usizidi mistari kumi hivi, kwa herufi kubwa, juu ya mandharinyuma meupe, maana rangi hafifu juu ya weusi humezwa na mwanga wa ukumbi, na walioketi nyuma hubaki wakikodoa macho. Ukiulizwa swali, lirudie kwenye kipaza sauti kabla ya kulijibu, kwa sababu rekodi haimsikii muulizaji.

Muda wa maswali, hata hivyo, huwapendelea wasemaji hodari, na wapo wanaosimama kuhutubia badala ya kuuliza. Mwenye tatizo la kweli, ambaye mfumo wake umegoma kwa sababu ileile uliyoieleza, mara nyingi hunyamaza. Kwa hiyo ukishuka jukwaani usikimbilie chumba cha watoa mada: simama kwenye ujia, karibu na mlango, na kompyuta yako ikiwa wazi, kwani atakayekufuata hapo atataka kukuonyesha msimbo wake.