Kabla Jina Halijatangazwa: Mlei na Uteuzi wa Askofu

(Mhadhara uliotolewa kwa viongozi wa jumuiya katika ukumbi wa parokia, Mombasa)

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, kina mama wa chama chetu cha CWA, kina baba wa chama chetu cha CMA, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuniita.

Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 2014. Askofu Mkuu wetu wa Mombasa, Boniface Lele, alikuwa amejiuzulu kwa sababu ya afya mwishoni mwa 2013, nasi tukakaa zaidi ya mwaka mzima kiti kikiwa wazi. Jioni moja jumuiya yetu ilikutana Mikindani. Injili ilikwisha kusomwa, mshumaa ungali unawaka juu ya kigoda, daftari la michango liko kando yake. Tukaanza kubashiri. Huyu ni wa kabila gani, yule ni mtu wa nani, fulani anajulikana Roma. Watu wakahesabu kwa vidole. Hapo pembeni mkekani alikuwa ameketi bibi mmoja wa kigango, yaani kanisa dogo la mbali na parokia, cha upande wa Kinango, amekuja kumwangalia bintiye aliyejifungua. Akatusikiliza mpaka tukachoka. Kisha akasema: "Nyinyi mwatafuta jina. Mimi nataka askofu aijuaye barabara ya kwetu mvua ikinyesha."

Tulinyamaza. Katika maneno yote ya jioni ile, la bibi yule ndilo pekee ambalo Kanisa lingeweza kulitumia.

Nieleze kwa nini. Wengi wetu tunadhani Papa anaamka asubuhi akachagua. Uamuzi ni wake kweli; Kanuni ya 377 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inasema hivyo waziwazi. Lakini kanuni hiyohiyo inaeleza njia. Kila baada ya miaka mitatu, angalau, maaskofu hushauriana kwa siri na kuandaa orodha ya mapadri wanaofaa. Kiti kikiwa wazi, Balozi wa Papa aliyeko Nairobi hutafuta majina matatu ya kupeleka Roma. Huwauliza maaskofu wa kanda, rais wa baraza la maaskofu, na baadhi ya mapadri washauri wa jimbo. Halafu kuna kifungu ambacho ningependa kila mmoja wenu akijue: akiona inafaa, awaulize pia walei, yaani waumini wasio mapadri wala watawa, wenye hekima, mmoja mmoja na kwa siri. Anayeulizwa hutakiwa kueleza tabia ya padri huyo, sala zake, afya yake, namna anavyoshika fedha na anavyoishi na watu. Majibu hayo hayatangazwi, na aliyeulizwa hapaswi hata kusema kwamba aliulizwa.

Basi mlei yumo. Yumo kwa mlango mwembamba, tena kwa sharti la "akiona inafaa", na mimi nasema wazi kwamba mlango huo uongezwe upana. Sisemi kwa ukaidi. Hati ya mwisho ya Sinodi, ule mkutano mkuu wa Kanisa uliofanyika Roma Oktoba 2024, ilitamka kwamba Taifa la Mungu lipate sauti kubwa zaidi katika kuwachagua maaskofu. Na miaka miwili kabla yake, Papa Fransisko aliwaweka wanawake watatu, mmoja wao mlei, katika idara ya Roma inayoshughulikia maaskofu. Majimbo yetu ya misheni, Kenya ikiwemo, hupitia idara nyingine, ile ya Uinjilishaji, lakini mnaona upepo unakoelekea.

Wala si jambo geni. Mwaka 374 watu wa Milano walipaza sauti wakamtaka Ambrosi, na wakati huo hata ubatizo alikuwa hajapata. Papa Leo Mkuu aliandika katika karne ya tano kwamba atakayewaongoza wote achaguliwe na wote.

Lakini ndugu zangu, sauti ya watu inaweza pia kuumiza Kanisa, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 2012 Askofu Peter Okpaleke aliteuliwa kuongoza jimbo la Ahiara, Nigeria. Mapadri na waumini wengi wakamkataa kwa kuwa si mtu wa Mbaise, mtu wa kwao. Akawekwa wakfu nje ya jimbo lake, na hakuwahi kukaa kwenye kiti kile. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliwataka mapadri wa Ahiara wamwandikie barua za kuomba msamaha, kila mmoja yake. Hata hivyo, 2018 askofu alijiuzulu. Leo ni Kardinali. Kule Makeni, Sierra Leone, mambo yalikwenda hivyohivyo kwa Henry Aruna. Alikataliwa kwa sababu ya kabila, akapelekwa Kenema. Fikirini ubatizo wa watoto na kipaimara katika miaka hiyo ya mlango uliofungwa.

Najua mnalotaka kuniuliza. Tangu uhuru tumeongozwa na Butler, Kirima, Njenga, Lele na Kivuva. Hakuna hata mmoja wao mzaliwa wa Pwani. Mzee mmoja wa Kwale alinishika mkono akaniuliza, "Mwalimu, sisi twalea mapadri wa nini?" Swali hilo lina uchungu wake, nami silibezi. Ni kweli pia kwamba padri wa jimbo letu, Willybard Lagho, aliyekuwa makamu wa askofu hapa, aliteuliwa kuwa askofu wa Malindi 2020. Ninachoomba ni kwamba uchungu huo tuutamke kama haja ya kundi. Semeni: tunahitaji mchungaji anayejua kuketi barazani na masheikh, kwa sababu hapa jirani zetu ni Waislamu na amani yetu ni moja. Tunahitaji mtu atakayefika Taveta na Kinango, asiishie Nkrumah Road kwenye kanisa kuu. Anayeweza kueleza hesabu za jimbo mbele ya mama anayetoa sadaka ya shilingi ishirini. Akiwa ni mwana wa Pwani, tutapiga vigelegele. Akitoka kwingine na sifa hizo anazo, vigelegele ni vilevile.

Kanuni ya 401 inamtaka askofu awasilishe barua ya kujiuzulu akitimiza miaka 75. Askofu Mkuu Kivuva, aliyemrithi Lele, alizaliwa 1952. Fanyeni hesabu. Tusingoje kiti kiwe wazi ndipo tuanze kuhesabu kwa vidole.

Kanuni ya 212 inatupa haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wetu maoni yetu kwa heshima. Kwa hiyo naomba kila jumuiya iandike ukurasa mmoja. Usitaje padri yeyote, awe wa kumsifu au wa kumponda. Andikeni hali ya jimbo jinsi mnavyoiishi: kigango kinachopata Misa mara moja kwa mwezi, vijana wasio na kazi, katekista anayetembea kwa miguu. Mpeni Baba Paroko nakala, moja iende kwa Baba Askofu, moja kwa Balozi wa Papa. Kwenye vigango msiwaandikie watu. Kaeni nao, waulize, andikeni maneno yao kama walivyoyasema.

Yule mama wa Likoni kule nyuma ameinua mkono tangu mwanzo. Mpelekeeni kipaza sauti.