Mkulima wa Viazi Asiye na Risiti

Wazee wetu, akina mama, vijana wa vyama vya ushirika, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nizungumzie msaada ambao serikali ilimpa mkulima wakati wa corona, nami nitaanzia hapa hapa Nyandarua, kwenye viazi.

Machi 2020 shule zilifungwa. Tarehe 27 mwezi huo kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungiwa. Lori la chakula liliruhusiwa kupita, ndiyo. Lakini mama mboga aliyezoea kufika Marikiti, soko kubwa la Nairobi, kungali giza alizuiliwa nyumbani, na mpishi wa shule hakuwa na watoto wa kulisha. Hapo mwenye shangi, aina ya viazi tunayopanda, hana pa kukimbilia, maana kiazi hicho kikishachimbwa huchipua upesi, hakingojei bei. Dalali anakuja shambani na gunia lake lililoongezwa shingo ili libebe zaidi, anataja bei anayotaka, unauza. Sheria inasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Mnajua wenyewe gunia lile hubeba ngapi.

Tarehe 23 Mei Rais Uhuru Kenyatta akatangaza mpango wa kufufua uchumi, shilingi bilioni 53.7. Humo wakulima wadogo 200,000 walitengewa bilioni 3 za pembejeo kwa vocha za kielektroniki, na wakuzaji wa maua, mboga na matunda bilioni 1.5. Ukigawanya, ni kama shilingi 15,000 kwa mkulima mdogo, tena si pesa mkononi bali pembejeo. Mbolea ni kitu chema, siikatai. Lakini hasara ilikuwa sokoni, na wengi walikuwa wameshapanda kwa mvua za masika! Bilioni 10 za fedha taslimu zilizotangazwa Machi zilikuwa za wazee, mayatima na wasiojiweza. Mwenye ekari moja ya viazi vilivyomwozea hakuwa kwenye orodha hiyo.

Marekani walilipia hasara yenyewe. Mpango wao ulitangazwa 17 Aprili, dola bilioni 16 za kulipwa wakulima moja kwa moja. Kuanzia 26 Mei mkulima aliomba kupitia ofisi ya kilimo ya kaunti yake, akaeleza ana mahindi kiasi gani ghalani na ng'ombe wangapi, akalipwa kwa hesabu hiyo. Haki kamili haikupatikana: malipo yalifuata ukubwa wa mali, hadi dola 250,000 kwa mtu mmoja, kwa hiyo mwenye nacho ndiye aliyeongezewa. Ila palikuwa na ofisi inayomjua mkulima na karatasi zake.

Hilo ndilo linaloniuma. Hapa kwetu mfugaji anayepeleka maziwa kwa ushirika ana rekodi: kilo zake zinaandikwa kila siku, mwisho wa mwezi anapewa hesabu. Ukitaka kumfidia Aprili 2020, unalinganisha na Aprili 2019, basi. Jirani yake wa viazi aliuza lori zima bila hata kijikaratasi. Angemwonyesha nani nini?

Usajili wa wakulima wa mwaka 2023, ule wa mbolea ya ruzuku, umetupa pa kuanzia. Kinachokosekana ni mauzo. Naomba vyama vya viazi vianze msimu huu huu: gunia likipimwa, ziandikwe risiti mbili, moja ya mkulima na moja ya chama, zenye tarehe, kilo na bei, na afisa wa kilimo wa wadi apate nakala kila mwezi. Mwakilishi wenu wa wadi akija kuchukua maoni ya bajeti, mwambieni mnataka mizani na vitabu vya risiti.