Kituo cha Mchana cha Wazee: Anzeni na Choo

Ndugu zangu, mkitaka kujua kama kituo cha wazee kinawafaa wanaokuja, msisome ratiba iliyobandikwa ukutani. Tazameni vikombe vya maji ikifika saa sita mchana. Vikiwa bado vimejaa, nendeni mkakague choo.

Mzee anayeogopa kwenda chooni hujinyima maji tangu asubuhi. Tena umri ukisonga kiu hupungua, hivyo mwili nao haumkumbushi. Huja choo kigumu, kizunguzungu anaposimama, maambukizi ya njia ya mkojo, pengine hata kuchanganyikiwa ghafla, na watu husema ni uzee tu. Inaniuma kusikia hivyo, maana mara nyingi chanzo ni mlango mwembamba au kizingiti.

Basi kabla ya kununua televisheni, shikeni futi kamba. Upenyo wa mlango uwe sentimita 80 hadi 90. Kiti cha choo kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 48. Kikiwa chini zaidi, magoti dhaifu hayanyanyui mwili. Vyuma vya kushikia vikazwe ndani ya tofali au zege. Vikishikilia plasta tu, siku moja vitang'oka na mtu, na nyonga itavunjika. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji njia ya mteremko yenye urefu wa sentimita 180, yaani 12 kwa kila 1 ya kimo. Fundi atataka kuifupisha aokoe saruji. Mkatalieni.

Kuhusu gari la kuwachukua wazee majumbani na kuwarudisha: anayechukuliwa wa kwanza asubuhi arudishwe wa kwanza jioni, la sivyo mtu yuleyule atakaa garini kuliko wote mara mbili kwa siku. Asiyeonekana bila taarifa apigiwe simu asubuhi ileile. Aishiye peke yake huenda ameanguka.

Sasa fedha. Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, wafadhili huleta mablanketi. Tunashukuru, lakini blanketi haliendeshi gari wala halimlipi msaidizi wa chooni. Waombeni mafuta na mishahara bila kuona haya, mkiwaonyesha gharama ya mzee mmoja kwa siku moja. Jumla ya matumizi ya siku gawanyeni kwa idadi ya waliohudhuria siku hiyo. Mkigawanya kwa walioandikishwa, gharama itaonekana ndogo, mtaomba kidogo, na fedha zitakauka kabla ya mwaka kwisha.