Idhini si fedha: kadi ya mteja inavyolipa mtandaoni

Ndugu wenye kampuni za safari na nyumba za wageni, karibuni.

Tuanze na ule ujumbe unaoingia saa nne usiku: "Malipo yamekubaliwa, dola 400." Wengi wakiuona hukimbilia kulipia hoteli na viingilio vya hifadhi. Hizo dola 400 ziko wapi muda huo? Ziko kwenye benki ya mteja, hazijasogea hata hatua. Benki yake imesema tu kwamba kadi ni hai, kiasi kipo, na kimeshikiliwa. Hiyo ndiyo idhini.

Tulifuate ombi lenyewe. Mteja yuko Ujerumani, anajaza namba ya kadi kwenye ukurasa wa malipo. Kabla ombi halijatoka, ukurasa unaikagua namba kwa hesabu. Chukueni namba ya majaribio 4111 1111 1111 1111. Anzia kushoto, tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea uzizidishe mara mbili: unapata 8 moja na 2 saba, jumla 22. Ongeza zile 1 nane ulizoziruka, zinakuwa 30. Jumla ikigawanyika kwa 10, namba inapita. Kosa la kidole kwenye tarakimu moja hunaswa hapohapo, kwa hiyo mteja akiambiwa "namba si sahihi", mara nyingi benki yake haijaulizwa chochote.

Ombi likipita linatoka kwenye lango la malipo, yaani mfumo unaobeba maombi ya kadi kutoka tovuti yako, linakwenda benki inayokupokelea fedha, linaingia mtandao wa Visa au Mastercard, na tarakimu za mwanzo za kadi zinauonyesha mtandao benki iliyoitoa. Jibu linarudi kwa njia ileile ndani ya sekunde chache, likiwa na msimbo wa tarakimu mbili. 00 ni kukubaliwa. 51, salio halitoshi. 54, kadi imeisha muda, kurudia ni kujichosha. 91, benki ya mteja haipatikani. Subiri kidogo ujaribu tena. Inayosumbua ni 05: benki imekataa na haisemi kwa nini. Usimwandikie mgeni kwamba hana fedha! Huenda benki imeshtushwa na malipo ya nchi ya mbali. Mwombe aipigie simu, kisha arudie.

Baada ya idhini kuna kukusanya, yaani kuagiza kile kiasi kilichoshikiliwa kitolewe kije kwako. Malango mengi hukusanya yenyewe, lakini ukichagua kukusanya kwa mkono kisha ukasahau, idhini inakufa baada ya siku kadhaa na kiasi kinaachiwa mteja. Ukikusanya, fedha huingia kwako baada ya siku za kazi zilizoandikwa kwenye mkataba, zikiwa zimekatwa. Tuchukulie makato ni asilimia 3.5: kwenye 400 zinaondoka 14, unapata 386. Mgeni akighairi nawe ukamrudishia 400 zote, mara nyingi zile 14 hazirudi. Kitafuteni kifungu hicho kabla ya kutia saini.

Sasa pingamizi, na hapa ndipo biashara ya safari inapoumia kuliko duka la viatu. Mwenye kadi anaiambia benki yake "sikulipa mimi" au "huduma sikuipata". Kwa kawaida ana siku 120, na kwa huduma ya baadaye siku hizo huanza kuhesabiwa tarehe huduma ilipotakiwa kutolewa. Safari iliyolipiwa Januari kwa ajili ya Agosti inaweza kupingwa Novemba, wakati fedha umeshawalipa madereva na wapishi. Nazo hutolewa kwako kwanza, hoja zinasikilizwa baadaye, na ada ya kesi juu.

Pingamizi nyingine hazina hata ubaya ndani yake. Tovuti ina jina moja, kampuni imesajiliwa kwa jingine, na mteja akisoma taarifa ya benki anaona jina asilolijua. Ombeni lango liweke jina ambalo wageni wanalifahamu. Washeni pia 3-D Secure, ile hatua ya mteja kuthibitisha kwa benki yake: kwa dai la "sikulipa mimi", hasara kwa kawaida huhamia benki iliyotoa kadi. Kwa "huduma sikuipata" haikusaidii kitu. Hapo utatetewa na masharti ya kughairi aliyoyakubali kwa kutia tiki, barua pepe zenu, na vocha yenye saini yake.

Na tafadhali, acheni kupokea picha za kadi kwa WhatsApp. Zile tarakimu tatu za nyuma, kanuni za PCI DSS, zile za usalama wa taarifa za kadi, hazikuruhusu kuzihifadhi baada ya idhini, hata kwenye daftari la mapokezi. Mtumie mgeni kiungo cha malipo ajaze mwenyewe.

Mwisho, ukiamka ukakuta miamala arobaini ya dola moja moja, nyingi zimekataliwa, usifurahie zile tatu zilizopita. Ni wezi wanaopima kadi za wizi kwenye ukurasa wako. Rudisha hizo tatu siku hiyohiyo kabla wenye kadi hawajazipinga, kisha mwambie fundi wa tovuti aweke kikomo cha majaribio kwa kila mgeni wa ukurasa.