Blinding Lights na vinanda vya miaka ya 80: tulichoongea na watengeneza biti wa Lubumbashi
Basi bandugu, mliotoka Katuba, Kamalondo, Ruashi, na wale mliobeba klavye zenu mgongoni, mersi sana. Leo ni wimbo mmoja tu, Blinding Lights ya The Weeknd, uliotoka mwezi wa 11 mwaka 2019. Jina la kweli la huyu mwimbaji ni Abel Tesfaye, kazaliwa Toronto, Kanada, wazazi wake Waethiopia. Wote mnaujua, hata batoto wanaujua, lakini leo tusicheze, tusikilize.

Ile melodi ya sentetizeri, kinanda cha umeme, pale mwanzo ni miaka ya 80 kabisa, ngoma pia, na bado 2020 ukashika namba moja Marekani, ukakaa wiki 90 mu Hot 100, ile chati ya nyimbo 100 ya jarida la Billboard la Marekani, na 2021 Billboard wakautangaza wimbo namba moja wa nyakati zote mu chati hiyo, tangu ianze 1958.

Kwa nini? Mimi nasema si vinanda. Sauti za zamani siku hizi kila mtu anazo, unadaunlodi programu unapata sauti za Juno, sentetizeri ya Roland, unapata za DX7, ile Yamaha waliitoa 1983, tena bure, njo maana tunasikia biti nyingi zenye sauti tamu ya 80 lakini ndani hamna mtu. Huku mtu yupo. Ngoma inakimbia, mapigo 171 kwa dakika, mwili unataka kucheza, na yeye juu yake anaimba upweke, amelewa, anaendesha gari usiku kwenda kwa yule anayemtaka, taa za mji zinampofusha. Furaha chini, uchungu juu, na haviumizani! Hiyo kazi ni ngumu jamani, jaribuni muone.

Halafu Grammy, zile tuzo kubwa za muziki za Marekani. Mwezi wa 11 2020 majina ya wanaowania yanatangazwa, yeye hana hata kipengele kimoja. Hata kimoja! Mimi bado inaniuma. Akasema hadharani kwamba tuzo zile zimeoza, na mwaka uliofuata waandaaji wakaondoa zile kamati za siri za kuchagua wanaowania kwenye vipengele vingi. Lakini watu walikuwa wameshaamua, mu taxi, mu harusi, kila mahali.

Na msiniambie sauti hizi ni za wazungu. Soukous, muziki wetu wa dansi wa Kongo, iliyorekodiwa Paris miaka ya 80 imejaa sentetizeri na mashine za ngoma, kaseti ziko nyumbani kwa baba zenu. Muziombe, msikilize besi kwanza, halafu mutafute uchungu wenu wenyewe wa kuweka juu. Haya, sasa naweka ngoma peke yake bila sauti ya mtu, mwenye swali ainue mkono.