Q Haimngoji U: Kutafuta Maneno kwa Herufi Ulizo Nazo

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojazana huko nyuma karibu na mlango,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi fulani katika mchezo wa Scrabble, ule wa kupanga vigae vya herufi ubaoni viwe maneno na kuhesabu alama, na walionisikia mwaka jana wanajua fika kwamba nitaanza na Q. Wakitaka kucheka, wacheke mapema. Sitachoka kulisema jambo hili mpaka nimwone mchezaji wa Mombasa akishika Q bila uso kumsawijika.

Tazameni hesabu kwanza. Mfukoni mna vigae 100. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyeubuni mchezo huu katika miaka ya 1930, aligawa idadi ya herufi baada ya kuhesabu jinsi zinavyojitokeza magazetini: E akaipa vigae 12, U akaipa 4, na Q akaipa kimoja tu chenye alama 10. Mchezaji aliyefundishwa kwamba Q haiendi popote bila U huwa anangojea vigae vinne ambavyo viwili au vitatu pengine vimekwisha kulala ubaoni mbele ya macho yake, na muda wote huo anacheza kwa herufi sita ilhali mwenzake anacheza kwa saba. Mchezo ukimalizika angali na Q, kanuni za mashindano ya kimataifa humjumlishia mpinzani aliyemaliza vigae vyake thamani ya herufi hiyo mara mbili, yaani alama 20 za bure. Wengine hukimbilia kubadilisha vigae na kupoteza zamu. Yote hayo ya nini?

Anzeni na neno dogo kabisa, QI. Chukulieni kwamba SAFARI limelala ubaoni, na mraba ulio juu ya ile I ya mwisho ni wa kuzidisha herufi mara tatu. Wekeni Q juu ya I hiyo, kisha I yenu kuliani mwa Q. Mmeandika QI kwa kushuka na QI kwa kulala. Q inahesabiwa 30 mara mbili, kila I inaongeza moja, na jumla ni alama 62 kwa vigae viwili. Wapo wanaoteremsha vigae vyote saba, wakapewa zile alama 50 za ziada, na bado hawaipiti jumla hiyo kwa mbali.

Yako mengine, na hapa ndipo ninapokasirika. Orodha ya Collins ya maneno yanayoruhusiwa, inayofuatwa katika mashindano mengi nje ya Amerika Kaskazini, inakubali QADI, QIBLA, TALAQ, WAQF, FAQIR, NIQAB, BURQA, SUQ, na QAT, ambayo ni miraa ile ile mnayoiona ikishushwa magarini. Mtoto aliyepita madrasa amekwisha kusikia habari za kadhi, kibla, talaka na wakfu kabla hajajua kuandika jina lake kwa Kiingereza, lakini akikaa mbele ya ubao anayafungia yote nje, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba yanaruhusiwa. Tena, kwa sababu Waingereza waliyaandika kila mtu alivyoyasikia, orodha hiyo hiyo inakubali CADI na KADI, KIBLA kando ya QIBLA, FAKIR kando ya FAQIR, TALAK kando ya TALAQ, na KAT pamoja na KHAT kando ya QAT. Ukikosa Q, basi una K, na K si haba: ina alama 5.

Najua kuna mwalimu hapa anayenong'ona kwamba hayo ni Kiarabu, si Kiingereza. Mwamuzi, bwana mwalimu, haulizi nasaba ya neno. Anaangalia kama limo orodhani au halimo. CWM na CRWTH zimetoka Wales bila hata irabu moja kati ya zile tano tunazozijua, na sijamsikia mtu akizilalamikia.

Mwingine atauliza kwa nini tujisumbue wakati zipo programu za simu ambazo ukiziandikia herufi zako hukutolea maneno yote kufumba na kufumbua. Sizikatai. Nakataa zitumiwe mchezo ukiendelea, kwa sababu mashindanoni simu imezimwa na kichwa kinabaki kitupu. Andikeni kwenye daftari zile herufi zilizowakwamisha, zipangeni kwa alfabeti, na mchezo ukiisha ndipo muiulize programu. Herufi AEINRST, zikipangwa hivyo, ni sura moja ya kuikariri, na nyuma yake mna NASTIER, RETAINS, RETINAS, STAINER na mengineyo. Anayeanza na neno hukumbuka neno moja. Anayeanza na herufi huyaona yote, kisha huchagua lile linalopata nafasi ubaoni.

Na msiniambie kwamba kukariri neno usilojua maana yake ni upuuzi. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kujua kuzungumza Kifaransa, na mwaka 2024 akatwaa ule wa Kihispania kwa mtindo huo huo. Wala mambo haya si ya ng'ambo tu: mashindano ya dunia ya Kiingereza ya mwaka 2017 yalichezwa Nairobi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa nimeahidi kueleza maneno yanayoishia na -ING na -ER. Hayo someni wenyewe, ni mepesi. Mkilemewa na irabu, kumbukeni kwamba UJAMAA na UHURU zimo orodhani. La pili linameza U tatu kwa mpigo mmoja. Kuhusu V nina sentensi moja tu: haimo katika neno lolote la herufi mbili, kwa hiyo msiiweke akiba mpaka mwisho, ubao unapokuwa umebanana na kila nafasi iliyobaki inataka neno fupi.